Mbweha wa Pugu wasihukumiwe kabla ubongo wao haujapimwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu wa huku kwetu pembezoni mwa Dar es Salaam, ambaye barua yake ilitoka katika ukurasa huu wiki mbili zilizopita. Alieleza, kwa uchungu ninaouelewa, jinsi mbweha alivyotokea upande wa msitu wa Pugu alfajiri, akaingia uani kwa jirani yake na kumng'ata mtoto aliyekuwa akienda chooni. Kisha akapendekeza mambo mawili: ama askari wa wanyamapori waamriwe kuwapiga risasi mbweha wote wa misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, ama Serikali inunue chanjo ya kichaa cha mbwa inayotiwa ndani ya chakula na kuimwaga msituni, kama wafanyavyo Ulaya. Mimi ni bwana mifugo mstaafu niliyetumika mikoa ya Mara na Pwani, nimechanja mbwa hadi vidole vikaota sugu, na kwa maoni yangu mapendekezo yote mawili yanamwacha mhusika mkuu akiwa amejilaza barazani kwetu, anatikisa mkia.

Nianze na mtoto. Barua ile ilisema kwamba jeraha lake lilipakwa mafuta ya taa, likafungwa kitambaa, na safari ya hospitali ikasubiri hadi baba arudi kutoka kazini jioni. Hilo lilinishtua kuliko mbweha mwenyewe. Virusi vya kichaa cha mbwa hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Vikiingia jerahani haviendi kwa njia ya damu kama wengi wanavyodhani, bali hushika mishipa ya fahamu na kuipanda polepole kuelekea kwenye ubongo, safari inayoweza kuchukua wiki kadhaa au hata miezi. Urefu wa safari hiyo ndiyo bahati pekee tuliyo nayo. Ndiyo aliyoitumia Louis Pasteur mwezi Julai 1885 alipomdunga chanjo Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyekuwa ameng'atwa na mbwa mwenye kichaa, na mtoto akanusurika. Ndiyo inayotumiwa pia na kipande cha sabuni ya mche: kuosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, papo hapo, kabla hata ya kutafuta bodaboda ya kwenda hospitali, huondoa sehemu kubwa ya virusi kabla havijaanza kupanda. Sindano hufuata siku hiyo hiyo, na ratiba yake haikatizwi kwa sababu kidonda kimekauka. Dalili zikishaanza, mgonjwa akishaanza kuyaogopa maji, hakuna tena tiba ya kumrudisha.

Sasa nije kwa mbweha.

Kichaa cha mbwa kinaweza kumshika karibu kila mnyama anayenyonyesha: mbwa, paka, ng'ombe, punda, fisi, fungo, nguchiro, nyegere, mbweha na sisi wenyewe. Huko Namibia, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, ugonjwa huu uliingia kwa tandala, mnyama anayekula majani na asiyemng'ata mtu, ukaua makumi ya maelfu yao, kwa kuwa tandala hulambana na kula kwenye vichaka vilevile vya miiba vinavyowachana midomo. Kuugua, hata hivyo, ni jambo moja, na kuutunza ugonjwa mwaka hadi mwaka ni jambo jingine. Kijijini kila nyumba inaweza kuwaka moto, lakini asubuhi watu wote huenda kuomba kaa kwa nyumba moja ambayo jiko lake halizimiki usiku. Mtafiti wa kichaa cha mbwa kazi yake kubwa ni kuitafuta nyumba hiyo. Akiikosea, atamwaga maji katika nyumba kumi, na kesho yake zote zitawaka tena.

Ulaya waliipata: ilikuwa kwa mbweha wekundu. Huko mbwa wa nyumbani walikuwa wamekwisha kudhibitiwa, na virusi vikawa vinaishi kwa mbweha wa porini, vikipita kutoka kizazi hadi kizazi bila kumhitaji mbwa. Walianza na lile analolitaka msomaji mwenzangu. Waliwapiga risasi, wakawatilia gesi katika mapango yao, wakawaua pia melesi, wanyama wachimba mashimo wa huko, waliokuwa wakilala katika mapango hayo, na ugonjwa ukaendelea kusonga mbele kama vile hawakufanya kitu. Sababu yake anaielewa kila mwenye shamba la mihogo aliyewahi kuua panya: eneo likibaki tupu, vijana wa maeneo ya jirani wasio na makao huja kuligombania, na katika kugombania hung'atana. Kwa hiyo walipowapunguza mbweha waliongeza misafara na ugomvi, na hayo ndiyo virusi hivi vinayoyapenda. Naomba jambo hili likumbukwe pia na wale wanaodhani kwamba tatizo la mbwa koko wa mitaa yetu litaisha kwa risasi na sumu.

Uswisi ndiyo iliyofungua njia nyingine. Mwaka 1978, katika bonde la mto Rhône, watu walisambaza vichwa vya kuku ambavyo chini ya ngozi yake vilikuwa vimefichwa vidonge vya chanjo hai. Mbweha akitafuna kichwa, kidonge hupasuka mdomoni, chanjo hugusa utando wa koo, naye hupata kinga bila ya mtu kumshika. Ugonjwa ulipolifikia bonde lile ulikuta mbweha wenye kinga na haukuweza kupita. Baadaye vichwa vya kuku viliacha nafasi kwa vyambo vya kiwandani vinavyodondoshwa kwa ndege, na katika vyambo vingi wakatia dawa ya tetrasaiklini, ambayo huacha alama kwenye mifupa na meno, ili mbweha akichunguzwa baadaye ijulikane kama alikula au hakula. Ubunifu huo mdogo naupenda kuliko sehemu nyingine zote za habari hii. Uswisi ilitangazwa kuwa huru mwaka 1999, Ufaransa 2001, Ujerumani 2008. Ni kazi ya kupigiwa saluti, na msomaji mwenzangu hakukosea kuitamani.

Ila msitu wetu si bonde la Rhône. Chambo ukikidondosha Kazimzumbwi hutajua kimeliwa na mbweha, nguchiro, nguruwe pori, nyani, au mbwa wa mchoma mkaa aliyetangulia kufika. Chanjo zile ni virusi hai vilivyodhoofishwa, na vilivyo dhaifu kwa mbweha si lazima viwe dhaifu kwa nyani: watafiti wa Zimbabwe waliowapa nyani kwa mdomo mojawapo ya chanjo za kwanza za namna hiyo walikuta inaweza kuwaletea ugonjwa wenyewe, na ilibidi zitengenezwe chanjo zilizo salama zaidi. Halafu kuna jua letu, linaloiharibu chanjo hai. Hata tukiyavuka yote hayo, bado swali la jiko linabaki palepale. Je, huku kwetu kaa linaombwa kwa mbweha?

Jibu la swali hilo lilitafutwa hapa hapa nchini, na inanisikitisha kuona tunaifahamu Ulaya kuliko Serengeti. Mimi mwenyewe, katika miaka yangu ya Mara, nilikuwa miongoni mwa waliomshuku fisi. Na fisi kwetu, kama mnavyojua, hahitaji ushahidi ili ashukiwe. Mwaka 2001 ulipochapishwa utafiti ulioonyesha kwamba fisi madoa wengi wa Serengeti walikuwa na kingamwili za kichaa cha mbwa katika damu, yaani alama kwamba mwili umewahi kukutana na virusi, ilhali hawaonekani kuugua, tulitikisa vichwa na kusema si tuliwaambia. Tulikuwa tumekosea. Watafiti wengine walikuwa wakikusanya ubongo wa kila mnyama aliyekufa waliyeweza kumpata, ndani na nje ya hifadhi, wakasoma vinasaba vya virusi vyenyewe, wakafuatilia nani alimng'ata nani, kijiji kwa kijiji. Matokeo yaliyochapishwa 2008 yalionyesha kwamba virusi vilivyokuwa vikizunguka kwa wanyama wa aina mbalimbali vilikuwa vya ukoo mmoja uleule unaopatikana kwa mbwa, na kwamba minyororo ya maambukizi kati ya wanyamapori ilikuwa mifupi: mbweha mmoja au wawili, fungo, nyegere, kisha inakatika. Iliyokuwa haikatiki ni ile ya mbwa wa vijijini.

Uthibitisho mwingine ulitoka kwenye sindano. Kati ya 1996 na 2001 mbwa wa Wilaya ya Serengeti walichanjwa katika kampeni nne za kila mwaka zilizowafikia asilimia 60 hadi 70 ya mbwa wote. Matukio ya kichaa kwa mbwa yalishuka kwa asilimia 70 baada ya kampeni ya kwanza, na kwa asilimia 97 baada ya ya pili, na watu wanaokwenda hospitali kutafuta sindano baada ya kung'atwa nao wakapungua. Hakuna mbweha hata mmoja aliyechanjwa.

Siku za kuchanja zilikuwaje? Tulikuwa tukipanga meza ya shule chini ya mti, kisanduku cha barafu juu yake, daftari, na kengele ya shule ikipigwa mara tatu. Walioleta mbwa karibu wote walikuwa watoto. Mmoja alikuja na mbwa wanne amewafunga kwa kamba moja ya katani, kila mmoja akivuta upande wake, naye katikati kama nguzo. Mwingine alikuwa amemtia mbwa wake ndani ya gunia kwenye keria ya baiskeli, kichwa tu ndicho kilichochomoza. Nilipomuuliza mbwa anaitwaje ili niandike, alisema, "Shikamoo bwana mifugo, huyu anaitwa Hamtaki, lakini wale watoto wake wawili wadogo nimewaacha nyumbani kwa sababu mama alisema chanjo ni ya wakubwa." Nilimrudisha akawalete. Imani hiyo kwamba mbwa wa chini ya miezi mitatu hachanjwi bado ipo hadi leo, Dar es Salaam na kwingineko, na inaharibu kazi nzima, kwa kuwa mbwa wetu wengi ni wadogo na hawaishi muda mrefu. Chanjo huwafaa watoto wa mbwa na haiwadhuru.

Hapa nieleze kidogo asilimia 70 inatoka wapi, kwa kuwa wapo wanaodhani ni namba ya kisiasa. Mbwa mwenye kichaa, ukipima kwa wastani, huambukiza mbwa mmoja na kidogo tu. Wengine hufa kabla hawajang'ata yeyote, na wachache hukimbia kilomita nyingi waking'ata kila wanachokutana nacho. Ugonjwa wenye mwendo huo ni dhaifu kuliko tunavyouogopa, na ungeweza kuzimika hata kama mbwa wenye kinga wasingefika nusu. Lakini mbwa waliochanjwa mwezi Julai hawabaki walewale hadi Julai ijayo. Wanakufa, wanagongwa na magari, na mahali pao wanazaliwa wengine wasio na kinga. Ndiyo maana hulengwa 70 siku ya kampeni, ili ikifika mwaka unaofuata bado wamebaki wa kutosha. Ukichanja mwaka huu na kuruka mwaka ujao umepoteza fedha za mwaka huu.

Msomaji mwenzangu anaweza kuniambia kwamba Serengeti ni mbali na Pugu. Basi aje kusini, Lindi na Mtwara, ambako mbweha ni tatizo la kweli. Watafiti waliofuatilia matukio huko kuanzia 2011 hadi 2019 walikuta kwamba zaidi ya asilimia 40 ya wanyama wenye kichaa walikuwa mbweha. Mtu angeapa kwamba jiko limepatikana. Hata hivyo, mbwa walipochanjwa kwa miaka mfululizo, matukio yalipungua kwa mbwa na yakapungua kwa mbweha pia. Mbweha walikuwa wengi katika daftari la wagonjwa, ila hawakuweza kuuendeleza ugonjwa kwa nguvu zao wenyewe pale mbwa walipoacha kuwaletea. Huu ndio utafiti ninaotamani usomwe kwa sauti katika kila kikao kinachojadili mbweha wa Pugu, kwa kuwa mbweha wa pwani ya kusini na wa kwetu ni majirani kuliko wa Uswisi.

Na Pemba je? Kule hakuna mbweha wa kusingizia. Uchanjaji wa mbwa uliutokomeza ugonjwa kisiwani mwaka 2014. Ukarudi 2016, na vinasaba vilionyesha kwamba umeingizwa upya kutoka nje ya kisiwa. Uchanjaji ukaanza tena, na kufikia 2018 ukawa umeondoka kwa mara ya pili. Asiyeamini kwamba inawezekana apande boti akaulize.

Sisemi kwamba mnyamapori hachanjwi kamwe. Katika milima ya Bale, Ethiopia, waliko mbwa mwitu wa milimani ambao dunia nzima hawafiki 500, kichaa kiliingia mwaka 1991, kikarudi 2003, 2008 na 2014, kila mara kikitoka kwa mbwa wa wafugaji na kuua sehemu kubwa ya makundi kiliyoyafikia. Huko mbwa walichanjwa, lakini wachungaji huhamahama na mbwa wapya kila msimu, na mnyama mwenye idadi ndogo kiasi hicho hawezi kusubiri. Baada ya mlipuko wa 2003 watafiti waliwakamata na kuwachanja wale waliokuwa kwenye mabonde membamba yanayounganisha kundi moja na jingine, mfano wa mtu anayefyeka ukanda wa kuzuia moto, na ugonjwa ukazuilika bila kumchanja kila mnyama. Siku hizi hutumia pia vyambo vya nyama vyenye chanjo ya mdomo. Pale inafaa kabisa. Ni kumwokoa mnyama asitoweke. Haidai kuling'oa jiko.

Sisi tulichelewa. Mbwa mwitu wa Serengeti, makundi yote yaliyokuwa yakifuatiliwa na watafiti, yalikuwa yametoweka kufikia 1991, na kichaa cha mbwa kilithibitishwa kuwa miongoni mwa vilivyowaua. Baadhi yao walikuwa wamedungwa chanjo muda mfupi kabla, na ukazuka mzozo mkubwa, mtafiti mmoja akidai kwamba kule kuwashika na kuwadunga ndiko kulikowatia msongo ukaamsha ugonjwa uliolala mwilini. Wengi wa wenzake hawakumkubali, kwa kuwa katika maeneo mengine wanyama walioshikwa hawakufa zaidi ya wasioshikwa. Lakini mzozo ule uliacha woga wa kumgusa mnyamapori kwa muda mrefu, na hilo nalo ni gharama inayolipwa mtu anapochanja mnyama wa porini akiwa hana takwimu za kutosha za kujitetea.

Isije ikadhaniwa vilevile kwamba kumchanja mbwa hutibu kila kitu. Mwaka 1994 ugonjwa mwingine, distempa, uliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na mbwa wa vijijini walishukiwa mara moja. Wamechanjwa kwa miaka mingi dhidi ya distempa pia, na kwa mbwa wenyewe imesaidia. Lakini uchambuzi uliochapishwa 2015 ulionyesha kwamba virusi vya distempa viliendelea kuwafikia simba hata hivyo, kwa kuwa vinaishi katika aina nyingi zaidi za wanyama kuliko tulivyofikiri. Hiyo ndiyo tofauti kati ya virusi viwili vinavyoishi katika mbwa yuleyule, na hakuna aliyeijua hadi ilipochunguzwa.

Kuna pia fungo wa Ikoma. Mwaka 2009, katika eneo la Ikoma ndani ya Hifadhi ya Serengeti, fungo mmoja alimng'ata mtoto, akauawa na askari, na ubongo wake ukapelekwa maabara. Kipimo cha kawaida kilisema kichaa cha mbwa. Vinasaba viliposomwa, vilikuwa virusi vya jamii hiyo lakini vya mbali sana, ambavyo havijapata kuonekana popote. Dunia ikavitambua mwaka 2012 kwa jina la Ikoma. Chanjo tulizonazo, za watu na za mbwa, hazitegemewi kukinga dhidi yake. Kama askari wale wangemchoma moto yule fungo, kama tunavyofanya sisi, hadi leo tusingejua kwamba kitu hicho kipo.

Na hapa ndipo penye malalamiko yangu. Miaka michache iliyopita mbweha alimng'ata mama mmoja katika mashamba ya mikorosho huku kwetu, mchana kweupe, akauawa kwa panga na vijana. Waliniita kwa kuwa wanajua kazi yangu ya zamani. Nilivaa glovu, nikakitenga kichwa, nikakifunga ndani ya mifuko miwili ya plastiki na kukiweka katika ndoo yenye barafu, kisha nikakipeleka kwenye ofisi inayohusika. Ilikuwa Ijumaa saa nane mchana. Kijana wa mapokezi, kwa adabu zote, aliniambia, "Mzee wangu, gari halina mafuta, na mwenye kujaza fomu ameshatoka, kizike tu." Nikakirudisha nyumbani. Muuza maji wa jirani alikubali kuniuzia barafu yote iliyokuwa katika deli lake, ila deli lenyewe alikataa kuniazima alipojua ni la nini, na sikumlaumu. Hadi Jumatatu barafu ilikuwa imekwisha mara tatu na kichwa kimeoza. Maabara ya veterinari ya Taifa iko Temeke, humu humu jijini, daladala mbili tu kutoka nilipo. Mama yule alipata sindano zake, anaishi. Lakini mbweha yule aliingia katika hesabu za nchi kama mnyama ambaye hakuwahi kuwepo.

Hesabu zetu zimejaa wanyama na watu wa namna hiyo. Makadirio yaliyochapishwa 2002, ambayo yalianza kwa kuwahesabu waliong'atwa badala ya kusubiri taarifa za hospitali, yaliweka vifo vya kichaa cha mbwa Tanzania kuwa karibu 1,500 kwa mwaka, wakati taarifa rasmi zilionyesha kumi na kitu tu. Wanaofia nyumbani hawaandikwi. Duniani Shirika la Afya linakadiria vifo 59,000 kila mwaka, na karibu vyote, asilimia 99, chanzo chake ni mbwa. Nchi zimekubaliana kuvifikisha sifuri ifikapo 2030.

Kwa hiyo ombi langu kwa wahusika wa jiji na wa Kisarawe ni kwamba fedha yoyote ambayo ingelipia risasi au vyambo ielekezwe kwa mbwa wa Chanika, Msongola, Pugu, Kisarawe na vijiji vyote vinavyopakana na misitu ile, mwaka huu, mwakani na mwaka wa tatu, watoto wa mbwa wakiwemo, na ifanywe karibu na nyumba za watu, maana mwenye mbwa wanne hawezi kuwapandisha daladala. Kisingizio cha majokofu nacho kimepungua nguvu. Majaribio yaliyofanywa hapa nchini na kuchapishwa 2016 yalionyesha kwamba aina moja ya chanjo ya mbwa inayotumika sana hubaki na nguvu yake hata baada ya kukaa miezi 6 katika nyuzijoto 25, au miezi 3 katika nyuzijoto 30. Na watafiti wetu wamejaribu kuihifadhi vijijini katika mitungi ya udongo inayopozwa kwa maji, ujuzi ambao bibi zetu walikuwa nao kabla ya umeme. Chanjo inaweza kukaa kwa mtendaji wa kata, siku za kuchanja zikawa nyingi, na mbwa aliyekosa Julai akapata Septemba.

Na mbweha akiingia tena uani kwa mtu, auawe ikiwa hapana budi, lakini asipigwe kichwani, kwa kuwa ubongo ndio unaopimwa. Asishikwe kwa mikono mitupu wala asichunwe. Mtu mzima mmoja akae karibu naye ili mbwa na kuku wasimsogelee, mtaalamu wa mifugo apigiwe simu, na kichwa kifike Temeke kikiwa ndani ya barafu siku hiyo hiyo, hata kama ni Ijumaa saa nane.

Afisa mifugo mstaafu,
Chanika, Dar es Salaam.